Theluji Haina Mbabe: Hata Suka wa Unyamwezini Hunyata kama Kinyonga

Hivi umewahi kufikiria, msomaji wangu, barabara pana yenye njia nne, lami nyororo, haina shimo, haina tuta, wala haina trafiki wa kukuchomokea kichakani na tochi mkononi, halafu semi-trela la maana linatambaa juu yake kwa spidi ya baiskeli ya muuza samaki? Na nyuma yake yamejipanga magari mengine kibao, mengine ya bei mbaya, nayo yanatambaa vilevile bila hata mmoja kuthubutu kuovateki?

Basi usicheke. Ndivyo mambo yanavyokuwa Unyamwezini, yaani Marekani, majira ya baridi yakipamba moto. Kule hata suka mtata, yule anayejiita simba wa barabara, theluji ikianza kushuka ananywea kama kuku aliyemwagiwa maji.

Najua utaniuliza: Sasa theluji ya Marekani inatuhusu nini sisi tunaotoka jasho Kariakoo? Inatuhusu, tena sana. Siku hizi vijana wengi wa Afrika Mashariki walioko huko wanaendesha malori. Kaka zetu, shemeji zetu, na siku hizi hata dada zetu wamo. Kodi ya nyumba na ada ya shule kwenye familia kadhaa hapa mjini inategemea lori linalokata mbuga huko Nebraska. Lori likisimama kule, sufuria linapoa huku. Kwa hiyo tuelewane kwanza kwa nini linasimama.

HESABU YA BREKI

Siri yote iko kwenye mshiko wa tairi na barabara. Lami ikiwa kavu, tairi linaing'ang'ania kama mtoto na mama yake. Ikilowa, mshiko unapungua. Theluji ikishindiliwa na magari ikawa ngumu, mshiko unabaki kama robo hivi ya ule wa lami kavu. Barafu tupu ndiyo balaa, mshiko unaweza kuwa sehemu moja tu ya saba.

Chukua gari dogo lenye tairi nzuri, linakwenda kilomita 80 kwa saa. Dereva akikanyaga breki kwenye lami kavu, gari litasimama ndani ya mita 36 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa litahitaji kama mita 126, yaani urefu wa uwanja wa mpira na chenji inabaki. Kwenye barafu, piga mita 250. Na hapo sijahesabu ule muda wa dereva kushtuka, kutoa macho na kupeleka mguu kwenye breki.

Sasa njoo kwenye utamu wa hesabu. Ukipunguza spidi nusu, umbali wa kusimama haupungui nusu, unapungua hadi robo. Yule wa 80 akishuka hadi 40 kwenye theluji, anasimama ndani ya mita 32 hivi, karibu sawa na aliyekuwa anakimbia 80 juku ya lami kavu. Kwa hiyo ukimwona suka anatambaa, usidhani ni mwoga. Anarudisha ule umbali wake wa kusimama ambao theluji imemnyang'anya.

Ndiyo maana kitabu wanachosomea madereva wa malori kule kabla ya kupata leseni kinaeleza wazi. Barabara ikilowa, punguza spidi kwa theluthi moja, kwa mfano kutoka maili 55 kwa saa hadi kama 35, sawa na kutoka kilomita 88 hadi 56. Theluji ikishindiliwa, punguza nusu au zaidi. Ikiwa barafu, tambaa, na mara tu ukipata pahala salama, simama kabisa. Hakuna mambo ya "mimi mzoefu".

Wakubwa wa barabara kuu za Marekani nao wamepima. Theluji nyepesi hupunguza spidi ya wastani kwenye barabara kuu kwa asilimia 3 hadi 13. Theluji nzito hupunguza kwa asilimia 5 hadi 40. Angalia hapo, msomaji: theluji nyepesi watu wanaidharau, wanapunguza kidogo tu. Na dharau ndiyo inayowamaliza.

MVUA YA KWANZA YA WAZUNGU

Kuna wataalamu wawili, Daniel Eisenberg na Kenneth Warner, ambao mwaka 2005 walitoa utafiti wao kuhusu theluji na ajali Marekani, wakitumia kumbukumbu za miaka 25 hivi kuanzia 1975. Walichokuta kitakushangaza. Siku za theluji ajali za kugongana na kujeruhiana zilikuwa nyingi kuliko siku kavu, lakini ajali za kuua zilikuwa chache!

Unaona mambo? Watu wanateleza, wanabomoa taa, wanabonyeza milango, lakini hawafi sana, kwa sababu kila mtu anakwenda taratibu. Pole pole yao inawaokoa.

Lakini utafiti huohuo ulikuta kuwa theluji ya kwanza ya mwaka ndiyo muuaji. Siku hiyo vifo vinapanda. Kwa nini? Kiangazi kirefu kimewasahaulisha. Mtu jana alikuwa anakata 110, leo anataka kukata hiyohiyo. Ni kama huku kwetu mvua ya kwanza baada ya jua la miezi, pale vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani vinapochanganyika na maji na kuifanya lami iwe kama imepakwa sabuni.

Halafu kuna wale wenzangu na mimi wanaoamini gari la kuvuta matairi manne ni dawa ya kila kitu. Bwana wee, hayo manne yanakusaidia kuondoka. Kusimama ni habari nyingine, kwani kila gari lina breki kwenye matairi yote manne, liwe la bosi au la taksi. Ndiyo maana wakati wa theluji mtaroni hukosi kuona mashangingi yamelala chali.

BARAFU ISIYOONEKANA

Theluji angalau ni nyeupe, unaiona. Kuna nduguye anayeitwa barafu nyeusi. Jina linadanganya, maana siyo nyeusi hata kidogo. Ni utando mwembamba wa barafu, angavu kama kioo, unaokaa juu ya lami ukionyesha weusi wa lami iliyo chini yake. Dereva anadhani barabara imelowa tu. Anapogundua, usukani umeshakuwa mwepesi kama wa gari la kuchezea.

Na jambo wasilolijua wengi ni kwamba barafu inateleza zaidi inapokuwa karibu na kuyeyuka, kwenye sifuri pale, kuliko baridi ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo "leo baridi siyo kali sana" siyo habari njema.

Madaraja ndiyo hutangulia kuganda. Barabara ya kawaida imelalia ardhi, na ardhi ina joto lake. Daraja linapigwa na upepo juu na chini. Unaweza ukatoka kwenye lami salama, ukapanda daraja, ukakuta mambo yamebadilika.

Hayo ndiyo yaliyotokea Fort Worth, jimbo la Texas, tarehe 11 Februari 2021. Texas ni nchi ya joto, watu wake na theluji ni kama sisi tu. Alfajiri ile mvua ya kugandisha ilinyesha, na sehemu ya barabara kuu ya I-35W iliyoinuliwa juu ya ardhi ikageuka kioo. Kama saa 12 asubuhi, watu wakiwahi makazini, wengine wao wafanyakazi wa hospitali, magari yakaanza kugongana. La kwanza likateleza, la pili likalivaa, malori yakaja nyuma yakiwa na spidi yao ya kawaida, breki hazikamati. Zaidi ya magari 130 yakarundikana. Watu 6 walikufa, wengi wakajeruhiwa.

Hakuna aliyekusudia. Wengi walikuwa wanakwenda spidi ya siku zote, kwenye barabara ambayo asubuhi ile haikuwa ya siku zote.

MLIMA ELK NA UBISHI WA WAKUBWA

Ukitaka kujua barabara inayowatoa jasho masuka hata kwenye baridi, waulize kuhusu I-80 ndani ya jimbo la Wyoming, kile kipande cha kati ya miji ya Laramie na Rawlins, kinachopita ubavuni mwa Mlima Elk. Ni nyanda za juu haswa. Mashariki kidogo ya Laramie barabara hiyo inafikia mita zaidi ya 2,600 kutoka usawa wa bahari. Upepo unaovuma huko ukivua kofia, usihangaike kuifuata.

Historia yake ni tamu. Zamani njia kuu ilizunguka kaskazini, ikipita mji mdogo wa Medicine Bow. Wakubwa wa barabara walipotaka kupinyolea karibu na mlima ili kuokoa maili kadhaa, wenyeji waliwaambia: jamani, huko upepo na theluji havina adabu. Wakubwa wakakaza. Barabara ikafunguliwa Oktoba 1970, na baridi ya kwanza tu ikawatia adabu. Theluji haikuwa ikianguka kutoka juu tu, ilikuwa inapeperushwa kutoka maporini inakuja kulala barabarani. Enzi hizo vita ya Vietnam ilikuwa inavuma, basi masuka wakaibandika barabara jina la utani kwa kuchezea jina la ile njia maarufu ya Ho Chi Minh, wakaiita njia ya "Snow Chi Minh".

Kuanzia 1971 zikaanza kujengwa fensi ndefu za mbao pembeni, mbali kidogo na barabara. Kazi yake siyo kuzuia ng'ombe. Upepo ukipita kwenye fensi unapungua nguvu na kuibwaga theluji hapohapo kabla haijafika barabarani. Mtaalamu aliyejulikana kwa kazi hiyo ni Ronald Tabler, na fensi zile zipo mpaka leo.

Mwaka 2009 wakaongeza ujanja mwingine: vibao vya spidi vinavyobadilika kwa taa. Hali ikiwa shwari, ruksa maili 75 kwa saa, yaani kilomita 120. Theluji au upepo ukianza, kibao kinashuka, 65, 55, 45, kufuatana na hali. Hicho kibao ni sheria, siyo ushauri. Na ikizidi, barabara inafungwa kabisa. Kule barabara kuu ina mageti, siyo utani, geti linashushwa na malori yanarudi mjini kutafuta pa kulala.

Upepo wenyewe una kituko kimoja. Lori linaloogopwa kupinduka siyo lile lililojaa. Ni tupu! Tela tupu ni refu na jepesi, linageuka tanga la jahazi. Ndiyo maana siku za upepo mkali magari marefu mepesi huzuiwa wakati mazito yanaruhusiwa kupita.

MSHIKO NAO UNAGANDA

Hapa sasa ndipo kwenye kidonda. Masuka wengi wa masafa marefu kule hawalipwi kwa siku wala kwa mwezi, wanalipwa kwa maili. Tuseme kijana analipwa senti 60 kwa kila maili. Siku nzuri akikimbia wastani wa maili 60 kwa saa 10, amepiga maili 600, mfukoni dola 360. Siku ya theluji akienda wastani wa maili 30, jasho lilelile, hofu mara kumi, anapata dola 180. Geti la Wyoming likifungwa, maili sifuri, na kwa malipo ya maili peke yake ni dola sifuri. Lakini chakula anakula, na nyumbani simu inaita.

Nina kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, yuko kwenye kazi hiyo. Januari moja nilikuwa nyumbani kwa mama mdogo alipompigia kwa video. Jamaa alikuwa amepaki kwenye kituo cha malori, amejifunika blanketi ndani ya kichwa cha lori, nje weupe mtupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umelala mchana huu? Ada ya mdogo wako tumeambiwa mwisho Ijumaa."

"Mama, barabara imefungwa. Tuko hapa tangu jana."

"Barabara imefungwa na nani? Kuna maandamano?"

"Theluji, mama."

Mama mdogo akanitazama mimi, akaitazama simu. "Baba, mvua tu hiyo ya wazungu ndiyo ilale na wewe siku mbili? Mbona wenzako naona wanapita huko nyuma?"

Kaka akageuza simu. Kilichokuwa kinapita ni gari la kukwangua theluji, taa zake zinawaka, linamwaga chumvi. Mama mdogo alipoona chumvi inamwagwa barabarani kwa lori zima alipiga kofi mapaja: "Chumvi yote hiyo!" Lakini baada ya hapo alinyamaza. Mwisho akasema, "Haya baba, kaa hapohapo. Ada nitaongea na mwalimu."

Nami nikajifunza kwamba watu wetu siyo wakorofi, hawajaelezwa tu. Chumvi ile ina kazi: inafanya maji yasigande kwenye sifuri. Lakini nayo ina mwisho wake. Baridi ikipita kama nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inaanza kuchoka, ndipo wanachanganya na dawa nyingine au wanamwaga mchanga.

Sheria ya Marekani nayo iko upande wa suka. Inamtaka dereva wa lori au basi apunguze spidi hali ikiwa mbaya, na ikiwa ya hatari zaidi, asimame mpaka iwe salama. Muda wa kushika usukani kwa dereva wa mzigo ni saa 11, na hali mbaya isiyotarajiwa ikimkuta njiani anaruhusiwa kuongeza hadi saa 2 ili afike pahala salama. Kwenye milima ya Colorado, barabara ya I-70, magari ya biashara hutakiwa kubeba minyororo ya matairi kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei. Na ukishaifunga minyororo, usitegemee kukimbia.

HATA MHESHIMIWA ALIKESHA

Usidhani theluji inaonea madereva wa malori tu. Tarehe 3 Januari 2022, barabara ya I-95 jimbo la Virginia ilishikwa. Siku ile ilianza na mvua, kwa hiyo hawakuweza kumwaga chumvi mapema, ingesombwa. Halafu mvua ikageuka theluji nzito. Malori yakateleza yakaziba njia, na mamia ya watu wakalala ndani ya magari. Wengine walikaa zaidi ya saa 24. Miongoni mwao alikuwemo Seneta Tim Kaine, aliyekuwa anatoka Richmond kwenda Washington, safari ya saa 2 hivi. Ilimchukua karibu saa 27. Mheshimiwa mzima, anakodolea macho taa za nyuma za gari la mbele!

Wenzetu wa Finland, ambao theluji kwao ni kama jua kwetu, wameamua kutosubiri yawakute. Baridi ikiingia wanashusha spidi nchi nzima: penye 120 panakuwa 100, na barabara nyingi za 100 zinakuwa 80. Tairi za baridi, zenye mpira usiokakamaa, ni lazima hali ikidai. Ujerumani nako, ukungu, mvua au theluji ikifanya usione zaidi ya mita 50, sheria inasema usizidi kilomita 50 kwa saa. Ufaransa, mvua ikinyesha, 130 ya barabara kuu inakuwa 110. Yaani hata pasipo na theluji, anga likibadilika na spidi inabadilika.

NA SISI HUKU?

Sisi hatuna theluji barabarani, lakini tunayo mvua ya masika, tunao ukungu wa Njombe na Makambako mwezi wa 6 na wa 7, tunao mteremko wa Kitonga. Kibao chetu cha 80 kwa mabasi na malori ni kilekile kiangazi na masika. Kibao hakijui kama kunanyesha. Anayejua ni suka, na abiria wake.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ile kanuni ya theluthi ya kwenye kitabu cha Marekani unaweza kuipanda nayo basi hapahapa. Mvua ikinyesha, 80 iwe kama 53. Ukimwona suka anashikilia 80 kwenye maji, na matairi yake kipara, usijifanye umelala. Mwambie kwa adabu: "Dereva, punguza, tunataka kufika." Abiria kumi wakisema hivyo, hata suka mtata anasikia. Na akipunguza mwenyewe, tafadhali usiwe wewe wa kupiga kelele kuwa basi la kampuni nyingine limetupita.

Na wewe mwenye ndugu Unyamwezini, kuanzia Novemba mpaka Machi, kabla hujauliza "vipi, umetuma?", uliza kwanza "vipi, huko barabara ikoje?" Akikwambia amepaki, mwambie apaki vizuri. Ada ikichelewa, mwalimu tunaweza kumbembeleza. Barafu haibembelezeki.

Haya, kwa leo nakanyaga breki hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.